Kibuyu na Mraba Mweusi: Asili ya Sanaa Dhahania

Msomaji kijana, ikiwa umepata kusimama asubuhi na mapema juu ya kilima chochote katika nchi ya Merigi, upande wa Bomet, bila shaka umeona jambo ambalo wageni husafiri mwendo mrefu kuja kulitazama. Ukungu unapoinuka kutoka mabondeni, mashamba ya chai hujitokeza moja moja, kijani juu ya kijani, yamekatwa na njia nyembamba za wachumaji mfano wa mkeka uliotandazwa juu ya migongo ya vilima. Kisha wachumaji huingia na vikapu vyao mgongoni. Mkono wa mchumaji hauzoi kila kitu. Katika kichaka chenye majani mamia kwa mamia hutafuta majani mawili machanga na chipukizi lake, hukwanyua hayo tu, na mengine yote huyaacha. Mtu asiyeijua kazi hii angedhani kwamba kuacha majani mengi kiasi hicho ni ubadhirifu. Lakini mwenye shamba anajua kwamba ladha ya chai imo katika hayo machache.

Nimeanza na chai kwa sababu nataka kusema nawe habari za sanaa, tena sanaa ambayo watu wengi huicheka. Ni ile ambayo mtu huitazama picha akaona miraba, maduara, mistari na rangi, asione mtu wala ng'ombe wala nyumba, kisha akauliza, "Hiki nacho ni kitu gani?" Sanaa hiyo huitwa sanaa dhahania, kwa kuwa haiigi sura ya kitu kama kinavyoonekana kwa macho, bali hushika dhana yake. Msanii wa namna hiyo hufanya kama mchumaji wa chai. Katika wingi wa mambo yanayoonekana duniani huchuma mstari, au rangi, au mpangilio, au mwendo, na yaliyobaki huyaacha mtini.

Watu hupenda kusema mambo mawili juu ya sanaa hii. La kwanza, kwamba ilizaliwa Ulaya yapata miaka 100 na zaidi iliyopita. La pili, kwamba kwa hiyo ni mali ya wageni, na sisi watu wa Afrika Mashariki tukiifanya tunaiga tu. Neno la kwanza ni nusu ya kweli. Neno la pili si kweli hata kidogo, na madhara yake ni makubwa kuliko unavyodhani. Nitajaribu kukuonyesha kwa nini.

Nilipokuwa mwanafunzi, mwalimu wetu alituagiza tuandike majina ya vitu vitatu vya sanaa vilivyomo majumbani mwetu. Nilifikiri sana. Mwishowe nikaandika: picha ya kalenda yenye mlima wa theluji, picha ya kalenda yenye simba, na picha ya kalenda ya mwaka uliopita. Mwalimu alinipa alama zote tatu, nami nikarudi nyumbani nikijivuna. Nilimkuta nyanya yangu ameketi mlangoni, kibuyu kimelala magotini mwake, naye akishona shanga katika ukanda wa ngozi. Nilimwamkia, nikapita. Ilinichukua miaka mingi kutambua kwamba siku ile nilipita mbele ya msanii wa pekee aliyekuwamo nyumbani mwetu, na kwamba mwalimu na mimi sote wawili tulikosa jibu.

Kibuyu hicho Wakipsigis hukiita sotet. Hutokana na mmung'unye uliokaushwa, ukatolewa nyama yake, ukasuguliwa ndani kwa ufagio mwembamba uitwao sosiot. Ndani yake hupakwa mkaa wa mti uitwao senetwet, kisha hutiwa maziwa, ambayo baada ya siku kadhaa huganda yakawa mursik. Wanariadha wetu warudipo na ushindi kutoka ng'ambo, hupokewa kwa mursik, na magazeti hutoa picha ya mshindi ameinua kibuyu mdomoni. Nchi nzima humtazama mshindi. Ni wachache wanaotazama kibuyu.

Basi leo kitazame. Shingoni pana ngozi, na juu ya ngozi pana shanga na kauri zilizopangwa kwa utaratibu: rangi hii, kisha ile, kisha kurudi kwa ile ya kwanza. Mahali pengine rangi hukatizwa ghafula, kama mtu anayenyamaza katikati ya maneno ili umsikilize zaidi. Jiulize, shanga hizi zinaiga nini? Haziigi kitu. Kibuyu chote ni habari ya ng'ombe, ya maziwa yake, ya mgeni aliyekaribishwa na ya mama aliyeyahifadhi. Lakini hapana ng'ombe aliyechorwa juu yake. Mshonaji amechuma rangi na mwendo wake, ameacha pembe na kwato. Hiyo ndiyo sanaa dhahania, nayo ilikuwako katika vilima hivi kabla mche wa kwanza wa chai haujapandwa hapa.

Sasa utauliza: mwanadamu alipataje wazo la kuchora kisichofanana na kitu? Mimi naona chemchemi tatu, nazo zote zimebubujika katika nchi zetu.

Chemchemi ya kwanza ni mkono wenyewe na kazi yake. Mwanamke wa Lamu au wa Unguja asukapo ukili wa mkeka, majani ya ukindu hupishana, moja juu na moja chini, na kila yanapopishana huzaa mraba mdogo. Akitia jani lililopakwa rangi, miraba hiyo hupanda kwa mshazari, hukutana, ikafanya pembe na ngazi. Hakuketi kwanza akaamua kuchora pembe. Ni ukindu uliompa pembe, naye akaitambua, akaipenda, akairudia kwa makusudi. Ndivyo ilivyo kwa viondo vya Wakikuyu na Wakamba, ambavyo mistari yake huzunguka kwa kuwa uzi wenyewe huzunguka. Ndivyo ilivyo hata kwa kibuyu kilichopasuka. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki kibuyu chenye ufa hakitupwi, hushonwa. Mshono hupita juu ya ufa kama njia juu ya kilima, na fundi mwema hakuuficha, bali aliupamba. Hivyo dosari ikageuka kuwa nakshi. Tambua basi kwamba nakshi nyingi hazikuanza kichwani, zilianza katika vidole, na kichwa kikafuata.

Chemchemi ya pili ni alama. Mtu anayetaka kukumbuka jambo au kulieleza kundi zima hahitaji picha kamili, anahitaji ishara ambayo wenzake wataielewa. Jirani zetu Wamasai walikuwa na ngao za ngozi zilizopakwa rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe. Michoro hiyo, iitwayo sirata, haikuwa pambo la bure. Shujaa aliyeitazama ngao kwa mbali aliweza kujua mwenye ngao ni wa sehemu gani na wa rika gani. Wakikuyu nao walikuwa na kibuyu kiitwacho gicandi, kilichochanjwa alama nyingi juu ya ganda lake. Mwimbaji aliposhindana na mwenzake kwa mashairi ya mafumbo, alama zile zilikuwa njia yake ya kukumbuka na kuongozwa. Msomaji aliyezoea kuambiwa kwamba wazee wetu hawakuandika na afikiri tena juu ya kibuyu hicho.

Lakini alama zilizo za ajabu kuliko zote nijuazo ziko upande wa machweo, katika Ziwa Viktoria, kisiwani Mfangano. Huko, katika miamba ya Kwitone na Mawanga, pamechorwa kwa rangi nyekundu na nyeupe maduara yaliyo ndani ya maduara, mengine yakitoa mistari kama miale. Michoro ya jamaa hiyo iko pia Nyero, nchini Uganda, upande wa Kumi. Wataalamu wengi huinasibisha na wawindaji wa kale ambao hukumbukwa kwa jina la Watwa, walioishi huko kabla ya watu wa leo hawajaingia. Wenyeji waliokuja baadaye waliiheshimu miamba hiyo na kuihusisha na mvua. Je, duara lile ni jua? Ni mwezi? Ni tone la mvua lililoanguka ziwani na kuyatawanya maji? Waliochora hawapo tena wa kutujibu. Hata hivyo, atazamaye miduara ile haondoki mtupu. Jicho lake huvutwa katikati, likatoka nje, likarudi tena katikati. Mchoro hufanya kazi yake hata baada ya lugha ya mchoraji kufa.

Chemchemi ya tatu ni imani. Katika pwani yetu dini ya Kiislamu iliwahimiza mafundi wasiweke sura za viumbe hai mahali pa ibada. Fundi aliyefungiwa mlango mmoja alifungua mingine mingi. Nenda Lamu ukaone nyumba za mawe za karne ya 18, zenye zidaka ukutani, safu juu ya safu, na nakshi za chokaa zilizochongwa kwa subira. Tazama milango ya Lamu na Unguja, ambayo miimo yake ina minyororo, majani na mawaridi yaliyorahisishwa hata yakawa mpango mtupu. Macho hufuata nakshi hiyo yasipate mwanzo wala mwisho wake, na moyo hujifunza kidogo jambo lisilo na mwisho. Hapo hapana sura iliyoabudiwa, wala hapana haja ya sura.

Ukitaka kujua ukale wa jambo hili, safiri kwa fikira hadi pwani ya kusini kabisa ya Afrika, katika pango la Blombos. Wachimbuzi wa mambo ya kale walifukua humo vipande vya ngeu, yaani ule udongo mwekundu, vilivyochanjwa mistari ya kukatizana kama wavu. Umri wake ni zaidi ya miaka 70,000. Hiyo ni kale kuliko picha yoyote ya mnyama ambayo umri wake umekwisha kupimwa hata leo. Huenda siku moja kikapatikana kitu cha kale zaidi kitakachobadili hesabu hiyo. Lakini kwa sasa ushahidi husema kwamba mwanadamu, naye ni Mwafrika, alichora mistari mitupu zamani sana, pengine kabla ya kujaribu kumchora swala.

Sasa tuvuke bahari twende Ulaya, maana haki ni lazima itendwe kwa kila upande. Kwa muda wa karne nyingi wachoraji wa Ulaya walijitahidi kuiga sura za dunia kwa usahihi. Walijifunza mifupa ya mwili, jinsi mwanga unavyoanguka, jinsi njia inavyoonekana kusonga kadiri inavyokwenda mbali. Walifika mahali pa juu sana. Ndipo, mwaka 1839, ufundi wa kupiga picha kwa kamera ulipotangazwa huko Paris. Kitu kilichomchukua mchoraji majuma mengi sasa kilifanywa na chombo kwa muda mfupi. Mchoraji akajiuliza swali zito: ikiwa chombo kinaweza kuiga, basi mimi nina kazi gani?

Majibu yalikuwa mengi. Mwaka 1907 kijana Mhispania, Pablo Picasso, aliingia katika jumba la makumbusho la Trocadéro, mjini Paris. Humo mlikuwa na vinyago vya Afrika vilivyochukuliwa na wakoloni na wafanyi biashara, vimerundikwa kama vitu vya ajabu. Picasso aliona jambo ambalo wengi waliopita hapo hawakuliona. Aliona kwamba mchongaji wa Afrika hakushindwa kuiga uso wa mtu, bali alichagua kutouiga. Pua ilikuwa mstari mmoja kwa sababu mstari mmoja ulitosha. Mwaka ule ule Picasso alichora picha kubwa iitwayo Les Demoiselles d'Avignon, yenye nyuso kama vinyago, na uchoraji wa Ulaya haukurudi tena kama ulivyokuwa. Yeye mwenyewe hakuacha kabisa kuonyesha watu na vitu, lakini alivunja ukuta, na wengine wakapita.

Miongoni mwa waliotangulia au kupita alikuwamo mwanamke Mswidi, Hilma af Klint, aliyeanza mwaka 1906 kuchora picha kubwa za maduara na mizunguko. Aliona kwamba watu wa wakati wake hawangezielewa, akaagiza zisionyeshwe mpaka ipite miaka 20 baada ya kufa kwake. Alikuwamo Mrusi, Wassily Kandinsky, ambaye husimulia kwamba jioni moja alirudi nyumbani kwake, mjini Munich, akaona picha nzuri ajabu isiyo na kitu cha kutambulika ndani yake. Aliikaribia, kumbe ni picha yake mwenyewe iliyolazwa ubavu! Ndipo alipojua kwamba vitu vilivyomo katika picha zake vilikuwa vinaiharibu rangi. Mwishoni mwa mwaka 1911 alitoa kitabu cha kueleza kwamba rangi na umbo huweza kuugusa moyo pasipo kuiga kitu, kama muziki unavyofanya.

Mfano mwepesi kueleweka kuliko yote ni wa Mholanzi, Piet Mondrian. Kati ya mwaka 1908 na 1913 alichora mti mara nyingi. Mara ya kwanza ulikuwa mti hasa, wenye shina na matawi. Mara nyingine matawi yalikuwa tao tu. Baadaye yakawa mistari iliyokatizana, na mti ukabaki kama kumbukumbu. Kufikia miaka ya 1920 alikuwa amebaki na mistari myeusi iliyonyooka na miraba ya rangi nyekundu, bluu na manjano. Ukiziweka picha hizo kwa safu, utaona mchumaji kazini, jani baada ya jani likiachwa, mpaka yakabaki mawili na chipukizi.

Mwaka 1915, mjini Petrograd, Mrusi mwingine, Kazimir Malevich, alitundika picha ya mraba mweusi juu ya rangi nyeupe. Hapakuwa na kitu kingine ndani yake. Aliitundika juu kabisa katika pembe ya chumba, mahali ambapo katika nyumba za Warusi huwekwa picha takatifu. Wengi walicheka, na wengine hucheka hata leo. Lakini fikiri juu ya pembe ile aliyoichagua. Mtu huyo hakuwa anafanya mzaha. Alikuwa anatafuta, kwa mraba mmoja, kile ambacho fundi wa Lamu alikitafuta kwa nakshi za chokaa.

Hapa yafaa nijihadhari nisikudanganye kwa kuipenda hoja yangu. Mtu mwenye akili ataniuliza, "Je, wataka kusema kwamba nyanya yako na Malevich walifanya jambo moja?" La, sisemi hivyo. Shanga za kibuyu hukifuata kibuyu, zina kazi na mahali, na jirani aliyeziona alizifahamu pasipo kuelezwa. Mraba mweusi husimama peke yake ukutani, hauna kazi ila kutazamwa, na mtazamaji huachiwa kazi ya kuufahamu. Nyanya alishona alichopokea kwa mama yake, akaongeza kidogo chake. Malevich alitaka kukata kamba na yote yaliyomtangulia. Hizo ni tofauti kubwa, na asiyezitambua hajaelewa upande wowote. Lakini katika jambo lile la msingi, yaani kuchuma na kuacha, mikono yao inafanana. Watu wa Ulaya walifika kwa kuivunja desturi yao. Sisi tulikuwa huko tayari kwa desturi yetu. Hivyo hatukuchelewa kufika katika sanaa dhahania. Tulichelewa kujua kwamba tuko huko.

Na wageni hawakuwa wote vipofu, wala sisi hatukubaki pale pale. Mwaka 1937 Bi. Margaret Trowell, mwanamke Mwingereza, alianzisha mafunzo ya sanaa huko Makerere, Uganda, na shule ya sanaa ya chuo hicho ikaitwa baadaye kwa jina lake. Aliwaonya wanafunzi wake wasikimbilie kuiga picha za Ulaya, naye akavichunguza vikapu, vibuyu na ngao za nchi ile kwa makini, akaandika vitabu juu ya ufundi huo na nakshi za Afrika. Mkenya Gregory Maloba alijifunza na kufundisha huko, na sanamu yake ya Uhuru, ya mama amwinuaye mtoto, imesimama mjini Kampala tangu mwaka 1962. Sanamu hiyo si dhahania tupu, lakini tazama jinsi alivyozungusha miguu kwa vifungo, na jinsi umbo zima linavyopanda juu. Aliacha mengi ili mwendo mmoja ubaki, mwendo wa kuinuka.

Huko Tanzania, Wamakonde, wachongaji mashuhuri wa mpingo, walileta mtindo mpya katika miaka ya 1950. Husimuliwa kwamba Samaki Likankoa alipovunjikiwa na kinyago chake, hakukitupa, bali alikichonga upya kikawa kiumbe kisichofanana na mtu, na hapo ukaanza mtindo wa shetani. Waliofuata wakauendeleza, hata ukatokea mtindo uitwao mawingu, ambamo gogo la mpingo hutobolewa na kupindwa likawa kama moshi au wingu linalopita. Hapo hapana tena mtu wala shetani, ila mwendo umekamatwa katika mti mgumu. Kumbuka ule ufa wa kibuyu nilioutaja. Hapa pia jambo jipya lilitoka katika kitu kilichovunjika.

Karibu zaidi na Merigi, katika vilima vya Tabaka huko Kisii, mawe laini huchongwa mpaka leo. Humo alitoka Elkana Ong'esa, ambaye sanamu yake ya ndege imewekwa katika makao ya UNESCO mjini Paris. Naye Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, alikwenda Uingereza kusoma, lakini somo lake kubwa alilipata aliporudi Afrika, kwa wanawake wafinyanzi wa Nijeria na Kenya. Huvijenga vyungu vyake kwa mikono pasipo gurudumu, huvisugua mpaka viking'aa, kisha huvichoma vikawa vyekundu au vyeusi kwa kadiri ya hewa iliyomo tanuuni. Havifanani na mtu, lakini mtu huviona vina shingo, vina tumbo, vina mgongo ulionyooka kama wa bibi mwenye fahari. Leo vimo katika majumba makubwa ya makumbusho ya dunia, na mwaka 2020 alipewa heshima kubwa ya taifa la Uingereza. Aliyetaka kwenda mbele katika sanaa mpya ya dunia alirudi kwanza kwa mama mfinyanzi.

Msomaji wangu, sasa waweza kuona kwa nini nilisema kwamba kosa letu lina madhara. Penye miti hapana wajenzi, na penye sanaa watu wake huenda kutafuta sanaa katika kalenda. Kijana aliyefundishwa kwamba sanaa ni kuiga tu, na kwamba nakshi ni kazi ya wasiojua kuchora, hatamuuliza nyanya yake jambo lolote. Naye nyanya hasemi asipoulizwa. Siku hizi maziwa mengi huwekwa katika mitungi ya plastiki, ambayo ni myepesi na haivunjiki, simlaumu anayeitumia. Lakini mtungi wa plastiki haumhitaji mshonaji, na mshonaji asiyehitajika hana wa kumrithi. Katika Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi vibuyu vya makabila mbalimbali vimewekwa vizuri, na ukipata nafasi uende ukavione. Ila utaviona vikiwa kimya. Kibuyu cha jumba la makumbusho hakikuambii kwa nini rangi ile ilikatizwa pale.

Yupo anayeweza kukuambia. Nyanya yangu amekwisha kufa, nami sikumuuliza. Kibuyu chake kiko kwangu, na kila nikitazamapo naona mahali, chini kidogo ya shingo, ambapo shanga nyeupe zimekatizwa na moja nyeusi, moja tu, mahali ambapo mpangilio haukuihitaji. Nimefikiri kwamba alikosea. Nimefikiri kwamba shanga nyeupe zilimwishia. Nimefikiri kwamba alitaka jicho lisimame hapo. Kama siku ile ningaliketi badala ya kupita, ningalijua.

Kwa hiyo, utakapofunga kitabu hiki, ukiwa bado unaye nyanya, au mama mzee wa jirani anayeshona, anayesuka au anayefinyanga, nenda ukaketi karibu naye. Chukua daftari. Usimuulize sanaa ni nini, maana hilo ni swali la shuleni. Mwonyeshe rangi moja kwa kidole, umuulize, "Nyanya, kwa nini hii umeiweka hapa?" Kisha nyamaza, umsikilize.